Alianguka Mara Moja, Sasa Hatoki: Hofu ya Kuanguka kwa Mwenye Ugonjwa wa Parkinson

Swali: Mume wangu ana miaka 67, na huu ni mwaka wa sita tangu aambiwe ana ugonjwa wa Parkinson. Tunakaa Ngamiani, Tanga. Dawa anakunywa na mikono haitetemeki sana, lakini miguu humganda, hasa akifika mlangoni. Miezi minne iliyopita alianguka mlangoni mwa choo alfajiri, akienda kuchukua udhu. Hakuvunjika, alichubuka bega tu. Tangu siku hiyo haendi msikitini, haendi barazani kunywa kahawa na wenzake, na hata uani hufika kwa kushika ukuta. Watoto wanasema akae tu, tusije tukauguza nyonga. Mimi naona anazidi kudhoofika. Kuna jambo jingine linanitatiza: kabla ya kuanguka alikuwa akisema baiskeli inamtii kuliko miguu yake, na kweli alikuwa akiendesha mpaka sokoni. Watoto wakaona anatafuta huruma. Je, hofu hii ni ugonjwa au ni uzee? Nimlazimishe kutoka, au nimwache?

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Naanza na baiskeli, maana hapo ndipo naona shemeji amedhulumiwa. Hatafuti huruma. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi walichapisha habari za mwanamume wa miaka 58 aliyekuwa na Parkinson kwa miaka 10. Kutembea kulimshinda: alipiga hatua chache, tena kwa kuwekewa mguu wa mtu mbele yake auvuke, kisha akaanguka. Walipompa baiskeli aliendesha vizuri, akageuka, akarudi. Aliposhuka tu, miguu ikaganda palepale. Wagonjwa wa namna hiyo si mmoja wala wawili, na katika mji wa baiskeli kama Tanga sishangai kwamba shemeji aliligundua jambo hili mwenyewe kabla ya kuambiwa na daktari.

Mtu mwenye afya akitembea hafikirii miguu. Anawaza deni, anamwita mtoto, anatafuta funguo mfukoni, na miguu inakwenda. Kazi hiyo ya kuendesha mambo yaliyozoeleka bila kuyafikiria hutegemea dopamini, kemikali inayotengenezwa na seli za sehemu ndogo nyeusi iliyo ndani kabisa ya ubongo. Katika Parkinson seli hizo zinakufa kidogo kidogo. Kutembea kunaacha kujiendesha kwenyewe, na kila hatua sasa inahitaji kuamriwa. Baiskeli humpa mguu amri kutoka nje: pedali ya kulia ikishuka ya kushoto inapanda, na kila mguu unajua zamu yake. Sakafu tupu haitoi zamu. Mlango mwembamba, kona, giza na haraka ndivyo vinavyomnyang'anya hata ile amri aliyokuwa anajaribu kuitoa mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza hofu hii ni ugonjwa au ni uzee, nitasema kwanza kwamba sehemu yake ni akili timamu. Mwili wake unamtii mahali pamoja na kumkatalia hatua tatu mbele, na yeye hajui utamkatalia lini. Tena lipo jambo la pili linaloharibika: mtu akisukumwa kidogo, mguu huruka nyuma wenyewe kumdaka. Kwa mwenye Parkinson mdako huo unachelewa au hauji, na hapo levodopa, dawa kuu ya Parkinson, haisaidii kama inavyosaidia ukakamavu na uzito wa mwendo. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa hawa zinaonyesha kwamba kiasi cha 60 kati ya 100 huanguka angalau mara moja kwa mwaka, na karibu 40 huanguka tena na tena. Usimwambie basi, "Hutaanguka." Anajua si kweli, na ataacha kukuamini kwa mengine yote.

Sehemu nyingine ya hofu hiyo ni ugonjwa wenyewe. Parkinson haigusi miguu tu. Inachezea kemikali za ubongo zinazotuliza moyo, ndiyo maana karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu huwa na wasiwasi wa kiwango cha kuhitaji tiba, wengine hata kabla hawajaanguka. Na wasiwasi huo unarudi miguuni. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada waliwavisha wagonjwa miwani ya kompyuta iliyowafanya wajione wanatembea juu ya ubao uliotandazwa juu ya shimo refu, ilhali wako kwenye sakafu ya kawaida. Miguu iliganda zaidi pale walipoliona shimo kuliko walipoona ubao uko chini. Sakafu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni hofu.

Hilo naomba watoto wako walielewe vizuri. Anayeogopa hujikaza, huinamia miguu yake, hufupisha hatua na kushika chochote kilicho karibu. Hayo yote humwongezea kuanguka. Kisha akikaa kitako miezi minne, misuli ya mapaja inayomwinua kitini inanyauka, viungo vinakaza, mifupa inazidi kuwa dhaifu. Siku atakayolazimika kuinuka, na atalazimika, kwa sababu haja haiahirishwi, atainuka na miguu mibovu kuliko ile iliyomwangusha mara ya kwanza. Wanataka kumwepusha na nyonga iliyovunjika, nami natambua mapenzi yao, lakini kumkalisha ndiyo njia fupi ya kufika huko.

Na wewe je, umlazimishe? Hapana. Ukimvuta mtu aliyegandishwa na hofu unamwongezea hofu, na akianguka mkononi mwako hatatoka tena. Kinachofaa ni kuichambua ile siku aliyoanguka, kurekebisha kinachorekebishika, kisha kumfundisha mwili wake nyakati zile zinazomtisha, moja baada ya nyingine, mpaka aone kwa macho yake kwamba anaziweza.

Kabla ya hayo kuna swali moja la kumuuliza, na umuulize saa ambayo dawa imemshika na hakuna wageni: anaogopa nini hasa? Wanawake huwa wananijibu haraka. Wanaume wa umri wa shemeji huchelewa, na wengi mwishowe hawataji maumivu. Wanataja kubaki chini bila kuweza kuinuka. Wanataja kuonekana wakiwa wamelala kwenye vumbi mbele ya watu waliokuwa wakiwaamkia shikamoo. Wanataja kuwa mzigo kwa mke. Kila hofu kati ya hizo ina dawa yake, na usipouliza utaweka vyuma vya kushikilia nyumba nzima ilhali yeye anachoogopa ni macho ya watu wa baraza.

Turudi kwenye ule mlango wa choo. Alfajiri. Dozi yake ya mwisho pengine aliinywa jioni iliyopita, kwa hiyo mwili ulikuwa mkavu wa dawa kuliko saa nyingine yoyote. Ametoka kulala na kusimama ghafla. Kuna giza. Ana haraka, kwa sababu ya mkojo na kwa sababu ya adhana. Mlango ni mwembamba, una kizingiti, na sakafu ya ndani imelowa. Sidhani kama kuna saa na mahali pabaya zaidi kwa mtu mwenye ugonjwa huu. Anguko lile halikuja kwa bahati, na ndiyo maana nina matumaini naye: lina sababu sita au saba, na karibu zote zinashikika.

Presha ndiyo ya kwanza. Parkinson, pamoja na dawa zake, inaweza kuifanya presha ishuke mtu anaposimama. Nendeni kituo cha afya mwombe apimwe akiwa amelala dakika tano, kisha asimame apimwe dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hilo ni tatizo na linatibika. Mara nyingi hapimwi hivyo. Anapimwa amekaa, anaambiwa iko sawa, anarudi nyumbani. Kama anakunywa dawa za kushusha presha alizoandikiwa miaka mingi iliyopita, daktari azitazame upya, kwani huenda sasa zimezidi. Nyumbani anywe maji ya kutosha, hasa joto hili la pwani, na akiamka akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo juu na chini kama dakika mbili, ndipo asimame.

Kisha choo. Usiku awe na chombo cha haja ndogo pembeni mwa kitanda. Hakuna aibu hapo, bora hicho kuliko safari tatu gizani. Taa iwake njia nzima, hata ndogo ya sola. Fundi aweke bomba la chuma ukutani, lichimbiwe barabara na saruji, moja mlangoni na jingine pale anapochuchumaa au kukaa. Koki, ndoo na kitasa havishikwi kama nguzo. Sakafu ikaushwe kila mtu akitoka. Udhu achukue akiwa amekaa kwenye kigoda kizito cha mbao, maana kiti chepesi cha plastiki huteleza kikilowa. Makubadhi na kandambili aziache, avae kiatu chenye kushika kisigino na soli isiyo nene mno. Kanzu ipunguzwe isifike kwenye vidole. Mkeka unaojikunja pembe ukunjwe kabisa uwekwe kando.

Kizingiti kama kinaweza kusawazishwa, kisawazishwe. Kisipowezekana, tandika tepu za rangi kali sakafuni, zikikatiza njia yake, kuanzia hatua nne kabla ya mlango mpaka ndani, kila tepu umbali wa hatua yake moja ya zamani, ile ndefu. Ataziona na kuzivuka moja moja. Ni ile kazi ya pedali, ila sasa zamu inatoka machoni. Utashangaa. Mtu aliyesimama mlangoni muda mrefu akitetemesha magoti anapita kama vile mlango haupo. Wapo ambao mistari haiwasaidii na sauti ndiyo inayowasaidia: kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, kupigiwa kofi kwa mwendo uleule, taarabu ya ujana wake yenye mapigo yaliyonyooka, au tasbihi anayoitamka hatua kwa hatua. Mjaribu vyote. Yeye ndiye atakayesema kipi kinamfungua.

Miguu ikiganda, kosa kubwa ni kumvuta mkono. Kiwiliwili kinakwenda, miguu inabaki, anaanguka kifudifudi. Mfundishe, na ujifunze nawe, mpango huu: asimame kabisa aache kupambana, apumue, anyooke mgongo, ahamishe uzito wake taratibu kulia, kushoto, kulia, kisha apige hatua moja kubwa kwa mguu usiobeba uzito. Wewe simama ubavuni, kimya. Ukitaka kusaidia, weka mguu wako mbele ya wake, ukiukatiza, auvuke. Na msimharakishe. "Haraka baba, mvua hiyo!" inagandisha miguu kuliko kizingiti.

Kugeuka nako kunaangusha wengi. Asijizungushe palepale alipo. Atembee nusu duara, kwa hatua, mpaka uso uelekee anakokwenda. Akitaka kukaa ageuke hivyo mpaka ahisi kiti nyuma ya miguu yote miwili, ashike mikono ya kiti, ndipo ajishushe. Kurudi kinyumenyume ajiepushe nako kabisa. Mlango unaofungukia kwake, asimame pembeni yake kabla ya kuuvuta.

Sasa kuna jambo la mji wetu ambalo vitabu vya kigeni havilitaji. Mtu wa Ngamiani hawezi kwenda hatua 20 bila kuamkiwa. Habari za nyumbani, za watoto, za dawa, na yule wa ng'ambo ya barabara naye anapunga mkono. Kwa shemeji kila salamu ni kazi ya pili juu ya kazi ya kutembea, na ubongo wake hauwezi tena kubeba zote mbili kwa pamoja. Akijibu huku anakwenda, hatua zinafupika na miguu inakwama. Basi asimame, aelekeze uso, aitikie kwa raha zake, amalize, halafu aanze tena kwa hatua kubwa. Ni heshima zaidi kwa anayemsalimu, na ni salama kwake. Hivyohivyo asibebe vitu kwa mikono miwili akitembea, wala asichezee simu.

Ile hofu ya kubaki chini nayo inafundishika, na hapa shemeji ana mtaji asioujua. Mtu aliyeswali tangu utotoni ameinuka kutoka sakafuni mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Mfanye mazoezi kwenye godoro jembamba, asubuhi dawa ikiwa imeshika, kijana mwenye nguvu akiwepo: alale, apumzike, ageukie ubavu, ajiinue kwa kiwiko, aje kwenye magoti na viganja, atambae mpaka kwenye kiti kizito au kitanda, aweke viganja juu, apandishe unyayo mmoja imara, asukume, ageuke, akae. Mara ya kwanza itachukua muda na jasho. Ipasavyo. Baada ya wiki kadhaa uso wake utakwambia zaidi ya maneno, kwa sababu mtu anayejua ataamka hatembei kama mtu anayedhani ule ndio mwisho. Tahadhari moja: akianguka kweli na nyonga ikamuuma hawezi kukanyaga, mguu ukaonekana mfupi au umepinda nje, amepiga kichwa, au anatumia dawa za kuyeyusha damu, asiinuliwe kwa papara. Mfunikeni, mwite msaada, hospitali.

Kuhusu mazoezi ya kila siku, sitaki ujaze ratiba. Kuinuka kitini na kukaa bila kuvuta kwa mikono, mara 10, asubuhi na jioni, ndilo ningelishika kama ningeambiwa nichague moja. Ongeza kusimama akiwa ameshika nondo za dirisha, apandishe visigino, kisha ahamishe uzito polepole mguu hadi mguu, kisha hatua za ubavuni kando ya ukuta. Huko Marekani, mwaka 2012, watafiti waliwagawa wagonjwa 195 wa Parkinson katika makundi matatu: wengine walifanya tai chi, mazoezi ya Kichina ya kuhamisha uzito polepole, wengine mazoezi ya nguvu, wengine ya kunyoosha viungo, mara mbili kwa wiki kwa wiki 24. Wa tai chi walisimama imara kuliko wote, na walianguka mara chache kuliko wa kunyoosha viungo. Mwalimu wa tai chi Tanga usimtafute. Kilichofanya kazi ni huko kuhamisha uzito kwa utulivu, karibu na ukingo wa uwezo wake, pakiwa na cha kushika, na kuendelea kwa miezi. Wiki mbili hazitoshi. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, pale Bombo, ulizia kitengo cha mazoezi ya viungo, apimwe na kupangiwa kulingana na hali yake. Mwende asubuhi, na dawa mbebe.

Baiskeli, je? Barabarani nasema hapana kwa sasa. Kuendesha anaweza, lakini kupanda, kushuka na kusimama ghafla mbele ya bajaji ndiko kunakomtaka mguu uliochelewa. Iwekeni uani, gurudumu la nyuma liinuliwe juu ya stendi imara iliyofungwa isiyumbe, mshikilie akipanda na kushuka, apige pedali dakika 10, zipande taratibu hadi 20. Atapata nguvu za mapaja na mapigo ya moyo, na atakuwa juu ya kitu kinachomtii. Hilo la mwisho nalihesabu kuwa tiba.

Bakora nayo isinunuliwe kwa kukisia. Akisimama na mkono umening'inia, mpini ufike kwenye kifundo cha mkono, na ncha iwe na mpira. Kwa wengine bakora inatuliza. Kwa wengine inakuwa mguu wa tatu wa kufikiria. Ile fremu ya kuinua na kutua, isiyo na magurudumu, mara nyingi huzidisha kuganda, basi msiinunue kabla mtaalamu hajamwona akiijaribu.

Dawa zina mambo ambayo ni lazima niyaseme kwa uzito. Levodopa inywewe kwa saa, na saa ya kutoka iwe ile ambayo dawa imeshika, kwa wengi kama saa moja baada ya kuimeza. Aimeze nusu saa kabla ya chakula kama tumbo linakubali, kwa sababu samaki, nyama na maharage hushindana nayo kuingia mwilini. Isikatizwe ghafla kwa sababu yoyote, hata ya kuishiwa. Kukatiza ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa, na watu hufa. Ramadhani ikikaribia zungumzeni na daktari mapema, na shehe wake pia, wala asijaribu kufunga kimyakimya. Mtu akimwambia anywe diazepamu ili atulize hofu, mkatae mpaka daktari anayejua ana Parkinson aamue, kwa kuwa vidonge hivyo hulegeza miguu na kuchanganya akili usiku. Akitapika asipewe metoklopramidi, inazuia dopamini ileile tunayoitafuta. Na atatokea jirani mwema na unga wa mbegu za upupu. Ni kweli mbegu hizo zina levodopa ya asili, lakini kipimo chake hakijulikani, na juu ya vidonge vyake inaweza kumzidishia na kuangusha presha. Wasiwasi wenyewe, kama unamkosesha usingizi au unampandisha moyo kila dawa inapokwisha nguvu, mwambieni daktari waziwazi. Zipo dawa zinazofaa, na wakati mwingine kupanga upya saa za levodopa tu kunatosha.

Tuje kwenye kutoka. Asianze na Ijumaa. Mlango wa msikiti saa ya swala ya Ijumaa una viatu vimetapakaa, watu wanasukumana, na kila mmoja ana haraka. Aanze na swala ya siku ya kawaida, adhuhuri au alasiri, afike mapema na atoke wa mwisho. Mwende kwanza siku moja hakuna swala, aupite ule mlango mara kadhaa akihesabu. Aswali kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Anajua kama ninavyojua mimi kwamba Mtume alimruhusu mgonjwa aswali amekaa asipoweza kusimama, ila pengine anahitaji kulisikia kutoka kwa imamu wake, wala si kutoka kwa mke. Nenda kamwombe imamu.

Baraza ndiyo naona ngumu zaidi, kwa sababu pale kuna macho. Ningemwomba rafiki mmoja, yule anayemwamini kuliko wote, aje anywe naye kahawa nyumbani kwenu mara mbili tatu. Amweleze mwenyewe: miguu yangu huganda, ikiganda usinivute, simama tu nami. Kisha huyo rafiki ndiye aende naye barazani. Aibu kubwa ya ugonjwa huu inatokana na watu kutojua wanachokiona. Watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa 2008, wengi wa waliokutwa na Parkinson walikuwa hawajawahi kuambiwa ni ugonjwa gani. Walidhaniwa ni wazee tu, au wamerogwa. Shemeji analo jina la ugonjwa wake na anayo dawa. Wenzake wakilijua jina hilo, mtu aliyesimama katikati ya barabara hataonekana kalewa wala kashikwa na pepo.

Watoto wapewe kazi, wasipewe amri ya kumlinda tu. Mmoja ashughulike na bomba na taa. Mwingine awe wa mazoezi ya kuinuka sakafuni. Wote waache kumshika kwapa kila anaponyanyuka, kwani anayebebwa hujifunza kubebwa. Wakae hatua moja pembeni yake, nyuma kidogo, upande ule anaolemea, mikono tayari, mdomo umefungwa.

Wewe nawe, anza leo daftari dogo. Kila anapoanguka, anapokosea nusura aanguke, au miguu inapoganda, andika saa, mahali, alikuwa akifanya nini, na dozi ya mwisho aliimeza saa ngapi. Wiki mbili za daftari hilo zitamsaidia daktari kuliko maelezo yetu yote. Usisubiri siku ya kliniki iwapo ameanza kuanguka zaidi ya mara moja kwa mwezi, anaanguka chali bila kukwaa, anazimia au kuona giza akisimama, amechanganyikiwa ghafla, au amepoteza uwezo wa kuelekeza macho chini. Hayo ya chali na ya macho yangetokea mwaka wa kwanza wa ugonjwa, ningeuliza kama ni Parkinson kweli au ni ugonjwa mwingine unaofanana nao. Kwa shemeji, kuganda mlangoni katika mwaka wa sita ni jambo linalotarajiwa, na baiskeli kumtii mpaka juzi ni dalili nzuri, kwa kuwa magonjwa yale mengine huwa yanaivuruga mapema. Hilo nalo liandike kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, na tarehe ya mwisho aliyoendesha.